Namna ya Kuchora kwa Vekta Ifakara Bila Kuiba Wala Kulia

Ukiwa na duka la steshenari Ifakara, mteja mgumu kuliko wote ni mwalimu aliyetumwa nembo. Atafungua simu akuonyeshe picha: ukuta wa shule, rangi imebanduka, mwenge umebaki nusu, na mbuzi amesimama mbele ya kaulimbiu. Nembo hiyo anaitaka kwenye sweta za wanafunzi, kwenye bango la mita tatu getini, kwenye vyeti vya darasa la saba, na kwenye muhuri unaoenea kiganjani. Mkuu wa shule anaisubiri kesho asubuhi. Ukimweleza kwamba mbuzi atatoka lakini mwenge itabidi uchorwe upya, atashangaa. Si ipo hapo kwenye simu? Ibonyeze itoke!

Kazi hiyo inawezekana. Inawezekana kwa kompyuta uliyo nayo, bila kulipa mamia ya dola kwa mwaka na bila kuiba programu ya mtu. Ninayemwandikia hapa ni anayefanya kazi hiyo katika bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu na Mang'ula mpaka Mlimba, na ng'ambo ya daraja mpaka Mahenge na Malinyi, kwenye kompyuta inayotumia Linux au itakayolazimika kuitumia karibuni. Wengi wako katika kundi hilo la pili, hata kama hawajaambiwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka za kizazi cha 8 kuendelea. Sasa tazama kompyuta za mitumba zinazopanda basi kutoka Kariakoo: nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Zina kioo kizuri, kibodi imara, na nguvu ya kutosha kabisa kuchora nembo ya shule. Microsoft ilichozinyima ni kibali tu. Mashine ya namna hiyo ukiiwekea Linux Mint ya Xfce, itatembea kwa GB 2 za kumbukumbu ikihema, na kwa GB 4 itafanya kazi ya siku nzima. Fedha ya kwanza utakayoipata iende kwenye diski ya SSD, siyo kwenye kipanya chenye taa za rangi saba.

Ukishahamia huko utajikuta uko peke yako mtaani. Adobe Illustrator iko sokoni tangu 1987 na haina toleo la Linux. CorelDRAW ya leo haina. Affinity, ambayo tangu Oktoba 2025 inagawiwa bure, ni ya Windows na Mac. Jirani yako wa Kibaoni ana CorelDRAW ya krak aliyopewa na rafiki aliyepewa na rafiki, na atakucheka.

Mwache acheke, ila usimwige. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu na wimbo, na mchoraji anayelalamika kwamba kazi zake zinaibwa kwenye mitandao hawezi kulalamika huku chombo chake chenyewe ni cha wizi. Halafu kuna adhabu inayokuja bila hakimu. Krak nyingi huingia na virusi, vile vinavyoficha mafolda yote ya kwenye flashi na kuacha njia za mkato zisizofunguka. Mteja aliyekuja kuprinti barua ya kuomba kazi anaondoka na flashi iliyougua, anaichomeka ofisini, na kesho yake jina la duka lako linatajwa katika kikao ambacho hukualikwa.

Kilichowapata waliomngojea Corel

Kuna watu wanaosema: nitasubiri kampuni kubwa zilete programu zao kwenye Linux. Hao wajue kwamba jambo hilo limeshatokea, na lilivyoisha. Mwaka 1999 Corel ya Kanada ilitoa mfumo wake wa Linux. Mwaka 2000 ikatoa CorelDRAW 9 kwa ajili ya Linux, ikiendeshwa kwa msaada wa Wine, programu inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi nje ya Windows. Kufikia 2001 kampuni ilikuwa imeiuzia Xandros kazi yake ya Linux na kurudi ilikotoka. Waliokuwa wamehifadhi michoro yao katika faili za CDR walibaki na faili ambazo mlango wake ulikuwa kwa mtu mwingine.

Waliookoa hali hiyo ni watu wa programu huria. Valek Filippov na Fridrich Štrba walichunguza muundo wa CDR kipande kwa kipande bila kupewa maelezo na kampuni, wakaandika maktaba ya libcdr, na mwaka 2012 LibreOffice 3.6 ikaanza kufungua faili hizo. Leo ukiletewa CDR ya zamani ya kadi ya harusi, LibreOffice Draw au Inkscape inaweza kuifungua ukiwa Lipangalala. Haitafunguka sawasawa kila mara: vivuli hupotea, maandishi huhama. Lakini umbo linapatikana, na kwa mteja ambaye mchoraji wake wa kwanza alihama mji na kubadilisha namba ya simu, umbo ndilo alilokuwa akilitafuta.

Basi kigezo cha kwanza cha kuchagua programu ni faili itakayobaki nawe. Uzuri wa menyu unafuata baadaye sana. Chagua ile inayohifadhi kazi katika muundo ulio wazi, na kwa vekta muundo huo ni SVG. Shirika la W3C lililiidhinisha toleo la kwanza la SVG mwaka 2001. Ndani yake ni maandishi matupu: ukiifungua kwa programu ya kuandikia utayaona maumbo yametajwa moja moja pamoja na rangi zake. Kampuni yoyote ikifa, maandishi hayo yatasomeka.

Anza na mashine ya mwisho

Watu huanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Swali hilo liache mpaka ujue mchoro unaishia kwenye mashine gani. Nembo ya yule mwalimu inaishia kwenye mashine nne tofauti: ya kudarizi sweta, ya kuchapa mabango ya fleksi, printa ya karatasi, na ya kutengeneza mihuri. Pengine hakuna hata moja kati ya hizo iliyo dukani kwako isipokuwa printa. Fleksi itachapwa Morogoro au Dar es Salaam.

Mpigie simu kila fundi unayempelekea kazi. Muulize anapokea faili gani, anataka rangi za RGB au za CMYK, na anataka mchoro kwa ukubwa halisi au umepunguzwa mara kumi. Wengi watajibu kwa mkato: "Niletee CDR." Usishtuke. Muulize tena kama PDF inafunguka kwake. Inafunguka, kwa sababu CorelDRAW anayoitumia inaingiza PDF na SVG pia. Andika majibu kwenye daftari na ulitundike ukutani. Daftari hilo litakuokolea fedha nyingi kuliko masomo ya video.

Na faili likiwa tayari, ukilituma kwa WhatsApp litume kama nyaraka, kamwe usilitume kama picha. WhatsApp huibana picha hata iwe ndogo, na fundi wa fleksi akichapa kile kilichobanwa, bango la mita tatu litaonekana limechorwa kwa matofali.

Sasa, programu

Picha ya simu imesukwa kama mkeka: ukiisogelea unaona chane moja moja, na ukiivuta iwe kubwa chane nazo zinakua. Mchoro wa vekta hauna chane. Una maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Ndiyo maana nembo moja inaweza kuwa muhuri na bango bila kuharibika, na ndiyo maana vijana wanaotengeneza matangazo kwa PixelLab kwenye simu, hata wawe na jicho zuri kiasi gani, hukwama siku ya bango. Kwa tangazo la bonanza litakalokaa kwenye status ya WhatsApp kwa saa 24, simu inatosha na usimsumbue mtu. Kwa nembo, kaa kwenye kompyuta.

Kwenye Linux chaguo langu ni Inkscape, na ninalisema bila kuzunguka. Ilizaliwa mwaka 2003 wakati wachangiaji wanne wa programu iliyoitwa Sodipodi walipoamua kwenda njia yao. Ilichukua miaka mingi kufika toleo la 1.0, Mei 2020, na toleo la 1.4 likatoka Oktoba 2024. Inahifadhi kazi moja kwa moja kama SVG. Inapatikana katika hazina ya programu ya Mint, na kama bando lako ni dogo, pakua faili lake la AppImage mara moja mahali penye intaneti nzuri, liweke kwenye flashi, na liwapatie wenzako wote kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba. Leseni inakuruhusu. Epuka njia ya Flatpak kama unalipia data kwa kipimo, maana huja na mizigo ya ziada ya mamia ya megabaiti.

LibreOffice Draw inafaa kwa ramani ya kumwelekeza mgeni ukumbini na kwa mchoro wa mpangilio wa viti. Ukiitaka ikupe mwenge wenye ndimi za moto, utachoka. Xara ilifungua sehemu kubwa ya programu yake kwa ajili ya Linux mwaka 2006, kazi ikasimama, usiitafute. Kuna pia mtu atakayekushauri uende mbali zaidi ya Linux, kwenye Haiku, mfumo uliorithi mawazo ya BeOS na ambao kazi yake ilianza 2001. Ni mwepesi kwa namna inayofurahisha, una programu ya Icon-O-Matic ya kuchora ikoni kwa vekta, na hata Inkscape imehamishiwa huko. Ujaribu Jumapili. Jumatatu mteja anataka printa ijibu, na kwa printa Linux imekwenda mbali: za HP zina HPLIP, na Epson yenyewe hutoa madereva ya Linux kwa printa zake nyingi za wino wa chupa.

Programu ya pili usiyoweza kuikwepa ni Scribus. Nitaeleza sababu nikifika kwenye rangi.

Mbuzi anavyotolewa

Mrudishe mwalimu shuleni. Mwambie asimame katikati ya nembo, simu iwe wima, apige asubuhi ukuta ukiwa na mwanga sawa, na mbuzi aombwe kupisha. Safari hiyo ya bodaboda ni nafuu kuliko saa utakazopoteza kuinyoosha picha iliyopigwa kiubavu.

Ndani ya Inkscape, Shift+Alt+B hufungua kifaa cha kufuatisha picha. Kazi hiyo hufanywa na Potrace ya Peter Selinger, na kwa sahihi ya mkono au umbo la rangi moja haina mpinzani. Kwa ukuta wenye nyufa itakuletea nyufa zote, kila moja ikiwa na nukta zake, na faili litakuwa zito mpaka kompyuta inyamaze. Nembo ichore kwa mkono. Weka picha kwenye tabaka la chini, lifunge lisisogee, kisha fuata mistari kwa kalamu ya Bezier juu yake. Weka nukta chache kadiri uwezavyo: duara zuri lina nukta nne tu. Mchoraji mzuri wa vekta anajulikana kwa nukta alizoziacha.

Herufi usizifuatishe. Tafuta fonti inayokaribiana, na tafuta iliyo huria. Linux haiji na Arial wala Calibri, lakini Liberation Sans ina vipimo vilevile vya Arial na Carlito vilevile vya Calibri, kwa hiyo barua ya mteja haitavunjika mistari. Kabla ya kumpelekea fundi, geuza maandishi yawe maumbo kwa Shift+Ctrl+C, la sivyo kompyuta yake isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine, na shule itapata kaulimbiu yenye herufi za kadi ya mahari. Ugeuzaji huo ufanye kwenye nakala. Faili la asili libaki na maandishi hai, maana mkuu mpya wa shule huja na kaulimbiu mpya.

Rangi: hapa ndipo watu huliwa

Inkscape hufikiri kwa RGB, yaani kwa mwanga wa kioo. Mashine za ofseti hufikiri kwa wino nne, CMYK. Kijani kikali cha mpunga mchanga unachokipenda kwenye kioo hakimo ndani ya wino hizo, na kitatoka kimepauka. Mteja wa kadi za harusi anayetaka zambarau inayong'aa asubiri kupata zambarau ya dagaa. Maandishi meusi ni hatari zaidi: nyeusi ya RGB ikigeuzwa na mashine huwa mchanganyiko wa wino zote nne, na karatasi ikisogea unywele mmoja, kila herufi ndogo inapata kivuli chekundu.

Dawa ni Scribus. Chora kwa Inkscape, ingiza SVG ndani ya Scribus, zipe rangi thamani zake za CMYK, hakikisha maandishi yametumia nyeusi peke yake, kisha toa PDF ya kuchapia. Ni hatua ya ziada, na ndiyo udhaifu mkubwa wa Inkscape kwa mtu wa uchapaji. Anayekuambia haupo hajawahi kuchapa kadi elfu moja. Lakini usiihangaikie pasipo sababu. Kwa printa yako ya dukani, na kwa mashine nyingi za fleksi ambazo programu zake hugeuza rangi zenyewe, PDF ya kawaida kutoka Inkscape inatosha. Ndiyo faida ya lile daftari ukutani. Na kabla ya kazi kubwa, omba kipande cha majaribio, umkabidhi mteja akishike kwa mkono wake, akiangalie juani, aseme ndiyo.

Vivuli laini na ukungu achana navyo. Inkscape huvigeuza kuwa pikseli inapotoa PDF, na plota ya vinili, ile mashine ya kukata stika, haijui kukata ukungu.

Kuhusu plota yenyewe: zile za bei nafuu huelewa lugha ya HPGL, na Inkscape ina kiendelezi cha kuzipelekea kazi; kikigoma, kuna programu huria ya Inkcut. Kabla ya kukata, unganisha herufi zilizolaliana ziwe umbo moja, vinginevyo kisu kitakata ndani ya maungio na jina la bajaji litabanduka kabla halijavuka daraja. Na kwa kazi ya fulana za kubandika kwa joto, chagua mchoro wote ubonyeze H ili ugeuke kama kwenye kioo. Ukisahau, kamati nzima ya harusi itavaa jina la bwana harusi likisomeka kutoka nyuma kwenda mbele, na picha hazifutiki.

Sweta za shule zina suluhisho ambalo wachache wanalijua: Ink/Stitch, kiendelezi huria kinachoifanya Inkscape iandae mishono na kutoa faili za DST na PES zinazoeleweka na mashine za kudarizi. Programu za kulipia za kazi hiyo ni ghali mno. Herufi fupi kuliko milimita tano hivi usizipeleke kwenye uzi, hata mwalimu akisisitiza. Jina la shule libaki, kaulimbiu iende kwenye bango.

Vyeti vya kuhitimu navyo visikukeshe ukiandika majina mia mbili kwa mkono. Kiendelezi cha NextGenerator husoma orodha ya majina kutoka faili la CSV na kutoa cheti kimoja kwa kila jina. Mwalimu alete orodha iliyohakikiwa. Jina likikosewa kwenye orodha, limekosewa kwenye cheti.

Mchele, kokoa, mkeka

Nembo za shule ni ada tu. Fedha ya baadaye ya bonde hili iko kwenye lebo, na hapa ninasema kwa moyo wote. Mchele wa Kilombero unauzwa nchi nzima, na mara nyingi unafika sokoni kwenye gunia lisilo na jina la mkulima wala kijiji. Kokoa ya Mbingu, inayochachushwa na kampuni ya Kokoa Kamili, imefika kwa watengeneza chokoleti wa nchi za nje ambao huandika asili yake kwenye karatasi. Kama karatasi ya chokoleti ya ng'ambo inaweza kutaja Kilombero, mfuko wa kilo mbili wa mchele wa Mngeta unashindwaje?

Mjasiriamali akikujia kwa lebo, mchoree vizuri, na mweleze mambo mawili. Inkscape inaweza kuchora msimbo wa mistari wa EAN-13 kutoka kwenye menyu ya viendelezi, lakini namba zake haziotwi ndotoni: hutolewa na GS1 Tanzania, na za Tanzania huanza na 620. Na alama ya ubora ya TBS haiwekwi kwa ajili ya kupendeza. Mwenye leseni ndiye anayeiweka. Akikuomba uiweke bila leseni, kataa, hata akiwa shemeji.

Kisha ukiwa na jioni tulivu, nunua mkeka kwa mama msukaji, uutandike mbele yako, na ufungue kifaa cha Inkscape cha kurudufu kwa vigae. Kina namna zote 17 ambazo wanahisabati wamethibitisha kwamba mchoro unaweza kujirudia katika uso bapa. Chora chane mbili tatu za rangi, chagua namna ya kujirudia, na utaona mkeka unajitandaza kwenye kioo. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wasukaji wa Afrika wanafanya hisabati hiyo kwa vidole. Mifuko ya mchele wa bonde hili ikipambwa kwa ruwaza za mikeka ya bonde hili, hakuna atakayeichanganya na ya Mbeya au Shinyanga. Msukaji aliyekupa ruwaza mlipe na mtaje.

Kwamba jina zuri linafanya kazi Kilombero, hilo si la kubahatisha. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa yake katika Kilombero na Ulanga, ukiendeshwa kutoka kituo cha utafiti ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Bidhaa hizo zilipewa jina Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Chandarua na dawa ndivyo vilivyookoa. Lakini vilinunuliwa kwa jina ambalo kila mama alilielewa akilisikia mara moja. Anayechora lebo katika bonde hili yuko ndani ya historia hiyo.

Taasisi hiyohiyo na chuo cha Mtakatifu Fransisko wana watafiti na wanafunzi wanaohitaji mabango ya mikutano ya kisayansi. Grafu zao zinaweza kutoka kwenye R na Python moja kwa moja kama SVG. Waambie hivyo mlangoni: leteni SVG, msilete picha ya kioo iliyopigwa kwa simu. Umepata mteja wa kudumu.

Umeme, menyu na mwenye mali

Jirani yetu Kidatu ana mitambo ya maji ya megawati 204, na bado umeme Ifakara hukatika ukiwa katikati ya mwenge. Ndani ya mapendeleo ya Inkscape weka hifadhi ya kujiendesha kila baada ya dakika chache, na nunua betri ya akiba kabla ya kununua kioo kikubwa. Nakala ya kazi ikae kwenye diski mbili, moja nyumbani.

Kama menyu za Kiingereza zinakuwia ngumu, kumbuka Jambo OpenOffice. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa IT+46 wa Sweden, kwa mradi wa Kilinux, waliiweka programu ya ofisi katika Kiswahili bila kungoja ruhusa ya mtu, kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria. Tafsiri za Inkscape nazo hufanywa na watu wa kujitolea. Walimu wa Kiswahili wa Ifakara wakikaa na vijana wawili wa steshenari, menyu hizo zitasomeka na mtoto wa sekondari ya Mlimba.

Lipo jambo moja ambalo maduka mengi hulifanya vibaya, liwe la Linux au la Windows: kumficha mteja faili. Anapewa picha ndogo, na kila akitaka bango lazima arudi kulipia upya. Mchoraji akihama, shule inabaki na ukuta na mbuzi. Nembo aliyoilipia mwalimu ni mali ya shule. Weka Linux Mint, weka Inkscape na Scribus, toza bei inayolingana na kazi yako, na siku ya makabidhiano mpe flashi yenye SVG, PDF na majina ya fonti ulizotumia. Fanya hivyo kwa kila mteja, kuanzia huyu wa kesho asubuhi.